Zilipofia Nyayo za Shetani

Rhobi alikuwa amekaa mjini Turwa mwezi na siku kadhaa, akimlea binti yake Lilian aliyejifungua. Aliporudi Nyanungu alikuta shamba lake limekonda. Hakuwa amekosea njia. Nyumba ilikuwa yake, kuku walikuwa wake ingawa wawili hawakuonekana, na kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba kilikuwa palepale, maana hicho hakuna anayekitaka. Kilichohama ni mpaka. Katani ishirini na tatu alizozipanda baba mkwe wake, zilizotenganisha shamba lake na la shemeji yake Revocatus, mdogo wa marehemu mumewe, zilikuwa zimesogea hatua kumi na mbili kuingia kwake, zimepangwa vizuri kuliko zamani. Mahali zilipokuwa pamebaki mashimo yaliyofukiwa haraka haraka, kazi ya mtu aliyedokoa mboga jikoni kwa jirani akasahau kufuta midomo.

Hatua kumi na mbili si nyingi kwa mtu mwenye ardhi. Kwa Rhobi ndizo zilizokuwa shamba lenyewe. Kule juu alikuwa na changarawe ambako hata muhogo huota kwa kubembelezwa. Huku chini, karibu na kijito, ndiko kulikokuwa na udongo mweusi uliompa ulezi, viazi na mboga hata mwaka wa jua kali. Bila ukanda ule asingeweza kuishi pale. Angelazimika kuhamia Turwa, kwenye chumba cha kupanga cha Lilian, kwa mwenye nyumba anayekataza kuku, azeekee juu ya ndoo iliyopinduliwa akisubiri zamu yake ya choo. Na mvua za kupandia zilikuwa hazijabakiza hata miezi miwili.

Alikwenda kwa Revocatus siku hiyohiyo, kabla ya kufungua mzigo. Akamkuta amekaa kivulini, rozari mkononi. Revocatus hakukana. Hilo ndilo lililomchanganya Rhobi, maana njia nzima alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana.

"Shemeji," alisema Revocatus kwa sauti ya chini, kama anayeeleza maradhi yake, "Shetani aliniingia."

Akasimulia. Ilikuwa Alhamisi saa tisa alasiri, alikuwa anapita zake na jembe kwenda kuzibua mfereji, mara akahisi kitu cha moto kinamwingilia kisogoni. Akajikuta anang'oa katani. Alipozinduka, zote ishirini na tatu zilikuwa zimeshapandwa upya, tena kwa mstari. Rhobi akauliza kama na kamba ya kunyooshea mstari aliileta Shetani. Revocatus akasema katika hali ile mtu hakumbuki vitu vidogo vidogo.

Lakini hayo yote, alisema, yalikuwa yamekwisha. Jumuiya yao ya Mtakatifu Mikaeli ilimwombea siku tatu. Walimzunguka, wakaimba, wakamnyunyizia maji ya baraka mpaka shati likagandamana na mgongo, na siku ya tatu akapiga chafya saba, Shetani akatoka. Sasa alikuwa mtu mpya.

Rhobi akampa pole ya chafya, kisha akauliza ukanda wake unarudi lini.

Revocatus akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyerudia darasa. Akamweleza kwamba aliyekosa ni Shetani, yeye alikuwa chombo tu. Kosa lenyewe lilishaombewa likasamehewa, kwa hiyo kulifukua ni kumkumbusha Mungu jambo alilokwisha kulisahau. Tena ukanda ule ulikuwa bado na kivuli cha yule mwovu, na mjane asiye na mwanamume nyumbani akiukanyaga, lolote lingeweza kumpata. Mpaka siku padre atakapokuja kupunga pepo pale, yeye Revocatus, aliyekwisha kupambana naye ana kwa ana, angeulinda. Alikuwa ameshaulima. Mvua ikinyesha angepanda mahindi, kwa sababu Shetani hupenda mahali palipokaa bure.

Rhobi alirudi nyumbani akiwa amesamehe bila kuulizwa.

Alijaribu baraza la kijiji. Mwenyekiti wa baraza alikuwa rika la Revocatus, waliotahiriwa msimu mmoja, na alimjibu kwa upole kwamba jambo lile liko mikononi mwa kanisa na serikali haiingilii dini.

Na kanisani, Kwaresima ilipoanza, Revocatus alikuwa amekuwa mtu mkubwa. Jumuiya ilimchagua mwenyekiti, wakisema hakuna amjuaye adui kuliko aliyewahi kukaa naye nyumba moja. Alialikwa kutoa ushuhuda katika jumuiya za jirani. Rhobi alimsikiliza mara tatu. Mara ya kwanza Shetani alikuwa mmoja. Mara ya pili walikuwa saba, na mmoja wao akiongea Kiingereza cha Kenya, ng'ambo ya Sirari. Mara ya tatu kulikuwa na mkia, na Revocatus alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Katani zilitajwa kwa kupitiwa tu, zikiitwa mambo ya dunia.

Revocatus alikuwa pia na simu, na ndani ya simu alikuwa amekusanya milango yote ambayo Shetani wa siku hizi anaingilia. Ilikuwa mingi. Zilikuwamo nywele za bandia, suruali zilizochanika magotini, paka mweusi, kubashiri matokeo ya mpira, na kuazima chumvi baada ya jua kuzama. Aliisoma kila Jumamosi baada ya sala. Rhobi aliisikiliza yote kwa makini sana, na kuhamisha mpaka hakukusikia.

Ugonjwa wenyewe ukaambukiza. Simioni katekista, aliyekosa mafundisho ya kipaimara Jumamosi mbili mfululizo kwa sababu ya pombe ya mtama, alisimama akasema Shetani alimfunga miguu. Eunice, aliyekuwa akiuza dagaa kwa kikopo kilichobonyezwa kitako, akasema kuna mkono usioonekana uliokibonyeza. Wakaombewa, wakapigiwa makofi. Ikafika mahali mtu aliyetenda dhambi kwa akili zake mwenyewe akawa anaonekana mshamba.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Padre Nelson, paroko, alikuja kigangoni kwa pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akahubiri juu ya Bwana Yesu jangwani. Alisema Shetani yupo, wasije wakatoka pale wakatangaza padre amesema hayupo. Yupo, ni mwongo, na hachoki.

"Lakini sikilizeni vizuri," alisema. "Alimpandisha Bwana juu ya hekalu akamwambia ajitupe. Alimwambia. Hakumsukuma. Angekuwa na uwezo wa kusukuma, mnadhani angejisumbua kuongea?"

Akasema Shetani anao mdomo, tena mtamu, ila jembe mtu analishika mwenyewe. Revocatus, benchi la mbele, alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali, kisha akageuka kuangalia ni nani anayesemwa.

Baada ya misa Rhobi alimngojea padre kando ya pikipiki.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Shikamoo, mama."

Akamweleza habari ya ukanda. Padre alikuwa amekwisha kuisikia, lakini kwa upande wa mkia. Alikunja uso. Akasema mtu aliyeiba ng'ombe akalia machozi, na ng'ombe bado yumo zizini mwake, huyo analia huku anakunywa maziwa. Toba ni pamoja na kurudisha. Kuhusu kupunga pepo, kazi hiyo hufanywa na padre aliyepewa kibali na Baba Askofu, na Baba Askofu hatoi kibali kwa ajili ya shamba la mahindi. Angeongea na Revocatus, ila alikuwa na vigango tisa na Pasaka inakuja.

"Padre, nikuulize la kijinga," alisema Rhobi. "Akitolewa kwa mtu, anakwenda wapi?"

Padre akasema Injili inaeleza kwamba huzungukazunguka mahali pakavu, akitafuta pa kupumzika.

"Kwa hiyo anatembea."

"Tuseme anatembea."

"Basi nashukuru," alisema Rhobi, akashika njia. Padre akabaki na kofia ya pikipiki mkononi, akijiuliza ni nini alichomkubalia.

Jumamosi iliyofuata sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Rhobi, kwa zamu. Walikuja watu kama ishirini, asubuhi, wakakaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Alikuja Mzee Nyangwine pia, ambaye kwa kawaida husinzia tangu tendo la pili la rozari mpaka uji unapoletwa. Miaka arobaini Nyangwine alikuwa mfuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa, yeye ndiye aliyeamshwa, akainama, akasoma ardhi kama wengine wanavyosoma barua. Sasa magoti yalikuwa yamechoka na wizi wenyewe umepungua, mambo mawili ambayo yeye alikuwa akiyalalamikia kwa pamoja.

Walipomaliza kusali, Rhobi aliomba kusema neno. Alianza kwa kumsifu mwenyekiti. Akasema hana shaka hata kidogo na ushuhuda wake, wala na ule mkia. Anamshukuru Mungu kwamba Shetani alitoka. Ila kuna kitu kinamnyima usingizi. Mwizi mkubwa namna hiyo alitoka kwenye boma la watu, saa za mchana, mashahidi wakiwepo, na hakuna hata mmoja aliyemfuata kujua amekwenda wapi. Ng'ombe wa mtu wangeibwa Nyanungu, wangekaa kuimba?

Nyangwine akafungua jicho moja.

"Zilifuatwa nyayo?" aliuliza.

"Hazikufuatwa, mzee."

Akafungua na la pili. Akasema huo ni uzembe mkubwa. Kisha akawakumbusha sheria, ingawa hapakuwa na asiyeijua, hata watoto wanaijua kabla ya Baba Yetu. Nyayo za mali iliyoibwa zikiingia kwenye boma lako, ni juu yako kuzitoa. Unawaonyesha wafuataji zilikopita, wanakushukuru, wanaendelea kwa jirani. Jirani naye azitoe. Zikifia mahali, yaani zikiingia na zisionekane zinatoka, hapo ndipo panapolipa. Mali inarudi, na wafuataji wanachinjiwa mbuzi kwa sababu ya miguu yao. Wote walikumbuka kitongoji cha ng'ambo ya kijito kilivyolipa ng'ombe wanane wasiowahi kuwaona, kwa sababu tu nyayo zilifia kwenye majaruba yao.

Revocatus alipenda sana wazo lile. Ilikuwa safari, na habari yake ilikuwa katikati ya safari. Akachukua msalaba, akatangulia, akianzisha sala kwa Mtakatifu Mikaeli. Jumuiya nzima ikamfuata mpaka kwenye ukanda, katika jua la saa nne.

Nyangwine aliinama kwenye shimo la katani ya kwanza, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa raha. Akamwuliza mwenyekiti: alikuingilia hapa? Hapa, alisema Revocatus. Mkaenda wapi? Nyumbani. Wakaenda nyumbani. Uani kwa Revocatus, mkewe Agustina alikuwa anapepeta mtama kwenye ungo. Aliinua macho, akaona msalaba na watu ishirini, akaendelea kupepeta.

"Nyayo zimeingia," alisema Nyangwine. "Sasa zitoe."

Revocatus akaonyesha mlango wa boma. Alitokea pale, siku ya chafya. Akageukia upande gani? Mwenyekiti akafikiri kidogo, akaonyesha kulia, kwa Simioni katekista.

Simioni alikuwa miongoni mwa wafuataji, tena aliyekuwa akiimba kwa sauti kubwa. Aliacha kuimba. Akasema kwa heshima zote, kwake hakuingia kitu. Revocatus akamkumbusha miguu iliyofungwa. Simioni akajibu kwamba akitafakari vizuri, ile ilikuwa pombe. Alikunywa mwenyewe, kwa hiari yake, na alikuwa na kiu. Kama kuna mtu anaona nyayo kwenye boma lake azionyeshe na kidole, na akikosa, mbuzi atatoa yeye.

Wakaenda kwa Eunice. Eunice alikwisha kukimbia mbele kwa njia ya mkato, na walimkuta amesimama mlangoni kwake na chupa ya maji ya baraka kama mtu anayengojea moto. Akasema kikopo alikibonyeza kwa jiwe, jiwe lile pale, na wakitaka watalikuta lina alama. Shetani hajawahi kukanyaga kwake wala hamjui sura.

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Baba aliyekuwa akimpiga mkewe kwa kusukumwa na nguvu za giza alisema zilikuwa hasira zake tu, na ameziacha. Msichana aliyeuza kuku wa mama yake alisema alitaka simu. Kitongoji chote kiliungama asubuhi ile, bila padre, bila foleni, na kwa ufasaha ambao Padre Nelson hakuwahi kuusikia katika miaka yake yote ya kukaa kitubioni. Ikabaki kwamba Shetani aliingia Nyanungu, akaingia kwa Revocatus, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona.

Walirudi uani kwa Revocatus. Mzee Nyangwine aliomba kigoda, akakaa, akaweka fimbo katikati ya miguu.

"Zimefia hapa," alisema.

Revocatus alikuwa anatokwa jasho. Aliangalia msalaba mkononi mwake, akaangalia watu, kisha macho yake yakatua kwa Rhobi, na Rhobi akaona neno linavyokuja kabla halijafika.

"Hazikufia," alisema Revocatus. "Nimefunuliwa sasa hivi. Alitoka kwangu akaingia kwa shemeji. Ndiyo maana moyo wake hauna amani. Kila siku ardhi, ardhi. Mtazameni macho."

Watu wakamtazama macho. Hakuna aliyecheka. Rhobi alikuwa ameishi miaka ya kutosha kujua sentensi kama hiyo inaweza kufanya nini kwa mwanamke mzee anayelala peke yake nyumbani. Haihitaji kurudiwa mara mbili. Akakaza kanga yake kiunoni.

"Sawa," alisema. "Tuseme alihamia kwangu. Mzee Nyangwine, nikuulize, maana wewe umeinama miaka arobaini. Mwizi akihama boma moja kwenda lingine, ng'ombe aliowaiba anawaacha?"

"Awaache?" Nyangwine alishangaa kweli. "Sasa aliiba ya nini?"

"Anakwenda nao."

"Anakwenda nao. Nyayo zake na zao zinakwenda pamoja. Mali ilipo ndipo alipo."

"Basi angehamia kwangu angekuja na ukanda wangu," alisema Rhobi. "Mmetoka kwangu sasa hivi, mmekunywa uji wangu. Mliuona? Nimeuficha uvunguni?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa kicheko. Halafu wa pili. Revocatus akauliza kwa ukali kama wanataka kusema kwamba Shetani bado yumo ndani yake. Simioni, ambaye tangu aungame alikuwa amepata ujasiri wa ajabu, akasema wao hawasemi kitu, aseme mwenyewe. Kama yumo, basi wamwombee upya, wapeleke barua kwa Baba Askofu, na katika kungojea majibu mwenye pepo hawezi kuongoza jumuiya wala kutoa ushuhuda. Kama hayumo, basi katani zina mtu aliyezing'oa.

Ungo wa Agustina ukasimama.

"Mimi nimekaa na mwanamume huyu miaka ishirini na saba," alisema Agustina, bila kunyanyuka. "Alhamisi ile alirudi na jembe, akaomba maji ya moto, akasema mgongo umekatika lakini ukanda tumeupata. Nikamwambia shemeji akirudi utasemaje. Akasema harudi huyo, mjini kuna umeme. Jina la mtu mwingine hakulitaja. Na kama alikuja na mgeni, mgeni huyo hakula, maana nilisonga ugali wa watu wawili na ukatosha."

Revocatus akakaa juu ya kinu. Alionekana ghafla mdogo, kama yule kijana aliyekuja kumsalimia Rhobi siku anaolewa, akiwa na viatu vya kaka yake miguuni.

"Nilizing'oa mimi," alisema.

Watu wakaangaliana. Mtu akisema ameingiwa na Shetani kulikuwa na nyimbo, makofi, na mahali pa kuweka mikono. Kwa hili hawakujua kuna wimbo gani. Mwishowe Nyangwine akauliza kuhusu mbuzi, na Agustina akasema yupo, beberu mweupe, naye anamwachilia kwa furaha kwa sababu anakula kanga zake.

Hawakungoja kesho. Revocatus alitoa jembe na ile kamba, iliyokutwa imening'inia darini ikiwa na udongo mweusi bado. Rhobi akashika ncha moja, Nyangwine akashika nyingine kwa kuwa amekaa, na wazee wawili wakahesabu hatua kumi na mbili kwa sauti, kurudi nyuma. Wanawake wakasimama kandokando wakitoa ushauri ambao haukuombwa. Mashimo ya zamani yalifukuliwa moja baada ya jingine, na katani zikaanza kurudi nyumbani, nzito, zikiwa zimekwisha kushika mizizi mipya upande wa wizi.

Kwenye ya sita, ncha ya jani ilimchoma Revocatus chini ya ukucha, ikazama. Akairusha katani chini, akaruka mguu mmoja, akafumbua mdomo kutaja anayehusika. Wote waliinua macho wakimngojea. Akaangalia kulia kwa Simioni, akaangalia kushoto kwa mkewe, akamwangalia Mzee Nyangwine na fimbo yake. Kisha akafunga mdomo, akanyonya kidole.

"Ya saba inakaa hapa," alisema Rhobi, akavuta kamba ikanyooka.